Gumegume na Mtutu: Silaha Katika Milima ya Upare

Kamusi zetu za zamani zimehifadhi maneno ya bunduki ambayo vijana wa leo hawayajui tena. Bunduki ya gumegume ni ile iwashwayo kwa cheche za jiwe linapogongana na chuma. Bunduki ya fataki ilikuja baada yake, na yenyewe huwashwa kwa kikofia kidogo cha shaba kinachopasuliwa na nyundo. Korofindo na gobore ni majina ya bunduki za kushindilia, yaani baruti na risasi huingizwa kwa mdomo wa mtutu na kukandamizwa kwa mdeki. Kiasi hakikuwa kipimo tu, bali pia risasi iliyofungwa pamoja na baruti yake. Marisawa ni vile vidonge vidogo vya kuwindia ndege. Na bombomu, neno ambalo tumelirithi kwa askari wa Mdachi, ni bunduki ya rashasha, na atakayelitamka kwa sauti hatahitaji kuelezwa limetokana na nini.

Msamiati mkubwa kiasi hiki hauzaliwi mahali ambapo bunduki ni kitu cha kusimuliwa. Ulizaliwa kwa sababu bunduki zilipita hapa kwetu, zikahesabiwa forodhani, zikapakiwa majahazini na kuvushwa hadi Mrima, kisha zikapanda bara mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza hapa Unguja, Euan-Smith, alikisia kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa zimetupwa na majeshi ya Ulaya, ambayo kila yalipopata aina mpya yaliiuza ile kuukuu kwa wafanyabiashara, nao wakazileta kwetu.

Siku hizi kila utokeapo msiba wa watu kupigwa risasi shuleni au sokoni huko Marekani, tunausikia mjadala wa sheria za bunduki kana kwamba ni ugomvi wa Wamarekani peke yao, nasi ni watazamaji. Sivyo hata kidogo. Sehemu hii ya dunia iliwekewa sheria ya kutenganisha bunduki ya halali na ya haramu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Na anayetaka kuifuata habari hiyo hadi mwisho wake asibaki bandarini. Na aipande njia ya kale ya misafara kutoka Pangani, aifuate mpaka Same, chini ya milima ya Upare.

Milima hiyo imejipanga baina ya Kilimanjaro na Usambara. Kaskazini kuna Ugweno na Usangi, kusini kuna Suji, Chome, Mbaga, Mamba na Gonja, na kilele cha Shengena kinazidi mita 2,400. Magharibi yake unapita mto Pangani, mashariki yake ni nyika ya Mkomazi. Wenyeji wake walikuwa watu wa chuma. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mzaliwa wa milima hiyo hiyo, ambaye kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kilitoka mwaka 1969, ameeleza kwamba katika Ugweno ya kale utawala ulikuwa mikononi mwa Washana, ukoo wa wafua chuma, mpaka Wasuya wakiongozwa na Angovi walipowapindua. Kwa hiyo suala la nani ashike silaha na nani amtawale anayeitengeneza ni la zamani mno huko milimani, tena limewahi kugeuza utawala hata kabla ya Mzungu wa kwanza kuonekana. Mkuki, mshale na jembe vilitoka katika moto mmoja, na jirani zao Wachaga walikinunua chuma hicho.

Bunduki ilikuja na mizani nyingine. Mhunzi wa Ugweno alikuwa na madini yake, kuni zake na ujuzi wake, lakini baruti na mtutu vilitoka baharini. Aliyekaa karibu na njia ya bahari ndiye aliyekuwa na nguvu, hata kama babu zake walikuwa si kitu. Jambo hili lilianza kuonekana Usambara. Burton, Mwingereza aliyefika Vugha mwaka 1857, aliandika kwamba Simba Mwene Kimweri alikuwa na kikosi cha watu kiasi cha 400 wenye bunduki, akiwaita Waengereza. Jina hilo linachekesha, lakini limebeba maana: bunduki ilikwisha kuwa kitu cha kumpa mtu kabila jipya.

Kimweri alifariki mwaka 1862. Mjukuu wake Shekulwavu alikaa Vugha, juu mlimani, penye heshima, matambiko na hukumu. Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde, chini kwenye uwanda, penye joto, mbu na misafara. Kwa mizani ya zamani Vugha ndiyo iliyokuwa nzito. Lakini misafara ya pembe iliyokuwa ikienda na kurudi Kilimanjaro ilipita Mazinde, ikitoa hongo na kubadilishana, na pamoja na nguo na shanga kulikuwa na baruti. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja alikuwa amemshinda mtoto wa ndugu yake. Mwenye kutaka kuyasoma mambo ya Wakilindi kwa Kiswahili chenye ladha ya wakati wake, na aisome Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, mtu wa pwani aliyeishi nao. Nathubutu kusema kwamba hicho ni miongoni mwa vitabu bora vya nathari tulivyonavyo, nacho hakisomwi inavyostahiki.

Moto wa Wakilindi haukukomea Usambara. Vijiji vya Upare ya kusini vilivyokuwa karibu na uwanda vilijikuta baina ya wawindaji wa watumwa na wafanyabiashara wa pembe, na mtawala mdogo wa mlimani akawa hana ila njia mbili: anunue bunduki au akimbilie juu zaidi. Wa kununua alihitaji kitu cha kulipia, na vitu vilivyokubaliwa vilikuwa pembe na binadamu. Hapa ndipo ilipo shida ambayo hakuna sheria iliyowahi kuifumbua vyema. Aliyetaka bunduki ili watoto wake wasitekwe, mara nyingi aliipata kwa kuwateka watoto wa mwingine.

Na isidhaniwe kwamba gumegume lilikuwa silaha ya kutisha sana kwa uwezo wake. Kulishindilia kulichukua muda ambao mpiga upinde hodari angeutumia kutupa mishale kadhaa. Jiwe likilowa haliwaki, na Upare ya juu ni nchi ya ukungu na mvua. Nguvu yake kubwa ilikuwa katika mshindo na moshi, na katika kumjulisha adui kwamba mwenye nayo ana rafiki pwani.

Sasa tufike mwaka 1890, ambao naona ndio mwaka wa kiini cha mambo haya. Tarehe 1 Julai Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliogawa nchi zetu, Unguja ikawa ya huyu na Mrima ikawa ya yule. Siku iliyofuata, tarehe 2 Julai, mataifa ya Ulaya pamoja na mengine, na Unguja ikiwamo, yalimaliza mkutano wa Brussels wa kupinga biashara ya watumwa kwa mkataba mrefu. Ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha. Katika eneo la Afrika lililo baina ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya ikweta, ilikatazwa kuingiza bunduki, hasa zile zenye mifereji ndani ya mtutu na zile zilizokamilishwa kwa ufundi mpya, pamoja na viasi vyake. Kilichoruhusiwa kwa biashara ni gumegume lisilo na mifereji na baruti ya kawaida. Bunduki zote zihifadhiwe katika ghala za serikali na zisitoke bila ya kibali. Hapa Unguja kukawekwa ofisi ya kimataifa ya kukusanya habari za majahazi yenye kushukiwa.

Wapenzi wa ushairi na waizingatie tarehe hiyo. Mkutano ule ulifunguliwa Novemba 1889 na kufungwa Julai 1890. Kwa hesabu yetu yote hiyo imo ndani ya mwaka 1307 wa Hijria, na 1307 ndio mwaka uliobebwa na jina la utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy juu ya Wadachi kutamalaki Mrima. Mshairi mmoja wa pwani na mabalozi wa Brussels walishughulika na mwaka ule ule. Mabalozi waliandika silaha gani tusiwe nazo. Yeye alitunga juu ya wale waliokuja nazo.

Ule mkataba niuseme vipi? Wako wanaoona kwamba ulikuwa hila tupu ya kutunyang'anya silaha ili tutawaliwe kwa urahisi. Euan-Smith mwenyewe alikuwa ameonya kwamba bila ya kuzuia bunduki, Ulaya itakuja kuikuta bara iliyojaa watu wenye silaha bora, na kuituliza itakuwa kazi. Maneno hayo hayahitaji mfasiri. Lakini pia ni kweli kwamba bunduki ndiyo iliyoendesha utekaji wa watu, na mama wa Kipare aliyeporwa mwanawe hakuwa na haja ya kuuliza nia ya mabalozi. Naona mambo yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na wala moja halilifuti jingine. Lililo wazi ni matokeo yake: kuanzia hapo bunduki ilipewa daraja, na daraja la bunduki likawa daraja la mtu. Gumegume ni lako, mtutu wa mifereji ni wangu. Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliuendeleza mgawanyo huo huo katika sheria zao, na hiyo ndiyo sababu gobore limeishi vijijini muda mrefu baada ya kufa kwingineko.

Semboja alifariki mwaka 1895. Reli ya Mdachi kutoka Tanga ikapita chini ya milima, ikafika Moshi mwaka 1911, na Same ikawa stesheni. Vita vya Ulaya vilipokuja vilipita hapo hapo. Novemba 1914 Wadachi waliwashinda Waingereza Tanga na kuokota bunduki 455 na bombomu 16, mali iliyowafaa sana, kwani wengi wa askari wao walikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871 zenye kutoa moshi mwingi hata mpigaji hana pa kujificha. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Smuts yaliteremka kufuata reli na mto, Same ikabadilisha bendera. Wapare waliingia katika vita hivyo kama wapagazi na kama watoa chakula. Silaha zilizopita mbele yao katika wiki chache zile hazikuwa na mfano katika historia yao yote, na hawakuulizwa neno.

Ajabu ni kwamba ushindi mkubwa wa Wapare dhidi ya wakoloni haukuwa na bunduki ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ilianzishwa kodi iliyopewa jina la kienyeji la mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kwa kadiri ya mali yake. Ubaya wake haukuwa kiwango tu bali huko kukadiriwa: ng'ombe wa mtu, migomba yake, mibuni yake, vyote vikawa vya kuhesabiwa na jirani mwenye madaraka. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka pande zote za milima wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa. Hawakuchoma kitu. Walikaa tu, miezi na miezi, wakipokezana na kuletewa chakula. Mwaka 1946 bwana wilaya alipokwenda Usangi, wanawake walimzunguka wakamwambia: ama umalize shauri hili waume zetu warudi, ama utupe mimba wewe mwenyewe sisi sote. Kimambo ameyaandika haya, na wanahistoria wengine wameyarudia, na kila ninapoyasoma namwonea huruma yule mkalimani. Mwaka 1947 kodi ile ilikuwa imekwisha.

Hivi waandamanaji wale wangekuwa na magobore yao, je, ingekuwaje? Ninadhani serikali ingefurahi. Mtu mwenye gobore mbele ya polisi mwenye bunduki ya kisasa ni mtu aliyekubali kupimwa kwa mizani ya mwenzake. Maelfu waliokaa chini hawakuwa na kipimo katika sheria yoyote ya silaha.

Baada ya uhuru, uhusiano wa raia na bunduki ulibadilika kwa namna isiyozungumzwa sana. Maasi ya wanajeshi Januari 1964, siku chache baada ya Mapinduzi ya Unguja, yaliwafundisha viongozi kwamba jeshi la kurithi si la kutegemewa. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukataka umma wenyewe ufundishwe ulinzi, na mgambo wakaenea hadi vijijini. Lakini bunduki ya mgambo ilibaki ghalani, ikitolewa na kurudishwa, kama ilivyoagizwa Brussels.

Wakati huo upande wa mashariki wa milima mambo mengine yalikuwa yakitendeka. Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951. Ilipofika miaka ya 1980 majangili walikuwa wamemaliza faru wote, na tembo walibaki wachache mno. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakilisha humo walitolewa. Mwaka 1997 wakaletwa faru kutoka Afrika ya Kusini, wakazungushiwa uzio na kuwekewa walinzi wenye bunduki usiku na mchana. Faru hao wana ulinzi ambao hakuna kijiji cha Same kilichowahi kuupata, na sisemi hivyo kwa kejeli. Faru asiye na mlinzi mwenye bunduki ameshakufa, hilo limethibitika.

Ujangili ulirudi kwa nguvu. Hesabu ya serikali ilionyesha tembo 109,051 nchini mwaka 2009, na 43,330 tu mwaka 2014. Katikati ya maangamizi hayo, Oktoba 2013, ilianzishwa Operesheni Tokomeza, iliyowaunganisha wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori. Ilisimamishwa baada ya mwezi mmoja hivi. Tarehe 20 Desemba kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli ilisoma taarifa yake: watu waliouawa, waliopigwa na kudhalilishwa, ng'ombe waliopigwa risasi. Siku hiyo hiyo mawaziri wanne waliondoka: Kagasheki wa maliasili aliyetangaza kujiuzulu, Nchimbi wa mambo ya ndani, Nahodha wa ulinzi, na Mathayo David Mathayo wa mifugo. Nahodha ni mtu wa hapa visiwani. Mathayo alikuwa mbunge wa Same Magharibi. Milima na visiwa, ambavyo zamani viliunganishwa na majahazi ya baruti, viliunganishwa tena siku ile kwa jambo la bunduki.

Kwangu mimi mjadala ule wa Bunge ndio mjadala mkubwa kabisa wa silaha ambao nchi yetu imewahi kuwa nao, ingawa haukuitwa hivyo. Haukuuliza raia awe na bunduki ya namna gani. Uliuliza: aliyepewa bunduki na raia, anaitumiaje?

Swali la kwanza lilikuwa limekwisha kujibiwa kimya kimya. Tarehe 21 Aprili 2004 mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, yalitia saini Itifaki ya Nairobi, ambayo pamoja na mengine inataka raia akatazwe kabisa kuwa na bunduki za rashasha na zile ambazo magazeti huziita nusu-otomatiki. Mfasiri huona tabu hapa. Nusu ya nini? Bunduki hiyo hujikoki yenyewe na kujipakia risasi nyingine kila inapolia, lakini hutoa risasi moja tu kwa kila mvuto wa kidole. Ningependa kuiita bunduki ya kujikoki, kwani jina hilo lingemwambia mkulima kitu, na "nusu" haimwambii ila kwamba ni ndogo kuliko nzima. Si ndogo. Mwezi Septemba wa mwaka ule ule wa 2004, Marekani iliiacha ife sheria yake ya miaka 10 iliyokataza aina kadhaa za bunduki hizo. Na tarehe 15 Machi 2019, huko Christchurch, Waislamu 51 waliuawa katika misikiti miwili siku ya Ijumaa. Haukupita mwezi, Bunge la New Zealand likazipiga marufuku kwa kura 119 dhidi ya moja.

Nasema bila ya kusita kwamba itifaki ile ilikuwa na haki. Lakini imewekwa juu ya watu ambao hawakuwahi kuelezwa. Sheria yetu ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 ilitungwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu ndipo Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na mahakama. Julai 2015 wahalifu walivamia kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, wakaua na kuchukua bunduki. Mwaka uliofuata ni raia wenye leseni walioitwa kuhakikiwa silaha zao. Aliyekuwa na shotigani yake kwa kibali cha miaka akapanga foleni. SMG haikupanga foleni popote.

Chini ya milima ya Same, ambako mashamba yanapakana na Mkomazi, tembo wameongezeka tena, na mahindi yakianza kukomaa hutoka usiku. Mwenye shamba hana ruhusa ya kumpiga tembo, na gobore, hata kama analo kwa kibali, halimfai kitu mbele ya mnyama huyo ila kumkasirisha. Anayepaswa kuitwa ni askari wa wanyamapori, mwenye bunduki na gari. Askari anapochelewa, watu hukesha na mienge, hupiga madebe, huchoma pilipili kavu pamoja na kinyesi cha tembo ili moshi uende upande wa nyika, na wenye baruti kidogo huilipua bila ya risasi, kwa ajili ya mshindo wake tu.